Mkamwana Alinifundisha Sawasawa, Nikasema Kanipotosha

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba usiharakishe kunihurumia, kwa sababu huruma nimepewa nyingi hapa nyumbani na kila nikipewa naona kama nimeiiba. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na minne, mtunza stoo wa hospitali, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita, glavu, bandeji, mashuka, dawa, hakuna kinachoingia wala kinachotoka bila mkono wangu, na pale kazini kila mtu kuanzia wafagizi hadi madaktari ananiita Mzee wa Stoo, jina ambalo nilikuwa natembea nalo kifua mbele.

Mapema mwaka huu uongozi ukatoa agizo kwamba kila anayesimamia kitengo afanye mtihani wa Kiingereza, maswali arobaini, anayepata chini ya ishirini na tano anampisha mwingine, eti taarifa zetu zinasomwa na watu wa nje na hawaelewi tunachosema. Mimi sikuogopa, Kiingereza changu nimekiandika kwenye taarifa miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kunirudishia karatasi, lakini tulipopewa mtihani wa kujipima nikakuta maswali kumi ya mwisho ni ya kusahihisha sentensi, wanakupa sentensi yenye kasoro na majibu manne uchague lililo sawa, na katika hayo kumi nikapata moja, na hilo moja nilibahatisha.

Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mwalimu tunaye ndani, unahangaika nini?" Alimaanisha mkamwana wetu, mke wa mwanangu wa kwanza ambaye ni fundi umeme, wanaishi nasi huu mwaka wa pili. Binti huyu amesomea kufundisha Kiingereza, hajapata ajira ya kudumu, na kila Jumamosi anafundisha watoto wa mtaani hapo barazani kwetu, walikuwa kumi na mmoja, wanakaa kwenye benchi mbili na wawili wanakalia ndoo. Sasa mshauri wewe ni mtu mzima, unajua inavyokuwa, baba mkwe kukaa mbele ya mke wa mwanawe na daftari kama mtoto wa darasa la nne, niliona haya, lakini kazi ni kazi, nikakubali, tukawa tunakaa mezani sebuleni kila nikirudi, mlango wazi, mke wangu yuko jikoni anasikia kila kitu.

Na alinifundisha vizuri, Mungu ni shahidi. Siku ya kwanza aliandika, "Entering the store, the boxes fell on me."

"Baba, kuna kosa gani hapa?"

"Hakuna. Niliingia stoo, maboksi yakaniangukia. Imeshanitokea."

"Nani aliyeingia stoo?"

"Si mimi!"

"Sentensi inasema walioingia ni maboksi."

Nikabisha mpaka mishipa ya shingo ikanisimama, ndipo akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia shuleni. Alisema sisi kwa Kiswahili ukisema "nilipoingia", yule "ni" yumo ndani ya neno, anajulikana, hata ulitupe neno mwisho wa sentensi bado ni mimi niliyeingia, lakini hilo "entering" la Kiingereza halina mwenyewe ndani yake, ni kama mtoto aliyepotea sokoni, anamshika mkono mtu wa kwanza anayemkuta, kwa hiyo ukishavuka koma tu, angalia nani amesimama pale, huyo ndiye aliyefanya, na kama siye, ipange sentensi upya. "Maneno ya kuelezea yakae jirani na mwenyewe, baba. Hakuna uchawi zaidi ya huo."

Tungekwenda hivyo mambo yangeisha salama, lakini siku ya tano kiherehere kikanishika nikamletea taarifa yangu mwenyewe ya zamani, nikitaka aone kwamba mimi si wa kuokotwa. Akafika mstari wa tatu, "Being expired, the storekeeper destroyed the medicines," akaziba mdomo kwa daftari, mabega yakaanza kutikisika. "Nisamehe, baba, nisamehe sana, hapa inasema aliyekwisha muda wake ni wewe, ndipo ukateketeza dawa." Kule jikoni mke wangu akaangua kicheko mpaka mwiko ukamdondoka. Na mimi nikacheka, mshauri, nilicheka kwa meno, lakini moyoni nilianza kuhesabu taarifa za miaka ishirini na sita, nikajiuliza ni wangapi huko juu wamezisoma wakashika mbavu kwa kucheka, halafu wakashuka ngazi wakaniambia shikamoo.

Siku ya mtihani nilifika swali la thelathini na moja. Lilisema, "Stored in a cold room, the nurse found the vaccines still safe." Nikaona kosa papo hapo, nesi ndiye kahifadhiwa chumba cha baridi badala ya chanjo. Jibu A lilikuwa fupi, "Stored in a cold room, the vaccines were still safe," na sauti ya mkamwana ikanijia kabisa, ukishavuka koma angalia nani amesimama pale, na aliyesimama ni chanjo, mambo safi. Lakini jibu C lilikuwa refu, "Having been duly stored in a cold room, the nurse found the vaccines to be still safe," nesi bado yuko palepale baada ya koma, ila hilo neno "duly", yaani ipasavyo, nimelitumia maisha yangu yote, likaniita kama jamaa yangu. Nikajisemea moyoni, kama A ndiyo sawa basi mimi ni kichekesho tangu ujana, na yule binti alikuwa na haki ya kunicheka. Nikatia alama C. Na kuanzia hapo kila nilipoona jibu ambalo yeye angelichagua, nikachagua jingine, nikijua, kwa kiburi tu, mtu mzima na akili zangu.

Nikapata ishirini na tatu. Katika yale kumi ya mwisho nikapata mawili. Matokeo yakabandikwa ubaoni karibu na dirisha la dawa, mpaka wagonjwa wakayasoma, na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye mimi ndiye humjazia fomu, kapata ishirini na nane.

Nilirudi nyumbani nikakuta wote wako mezani, mwanangu akaniuliza, "Vipi, baba?" nikasema, "Nimeanguka. Muulizeni mwalimu wenu. Nilijibu vilevile alivyonifundisha." Mkamwana alikuwa anagawa sahani. Alisimama na moja mkononi, akanitazama, na nikaona kabisa kwamba amejua ninadanganya, kisha akainamisha macho akasema, "Nisamehe, baba." Akaendelea kugawa sahani.

Ningeishia hapo ingekuwa nusu shari, lakini kazini nako walikuwa wananitazama, na mama wa mapokezi, ambaye wanawe wawili walikuwa wanasoma barazani kwetu, akanipa pole, nami nikamwambia, "Ndiyo matokeo ya kufundishwa na mtu asiyejua." Nilisema kama mzaha. Jumamosi iliyofuata watoto walikuwa watatu. Benchi moja ilikaa tupu asubuhi nzima, na binti akafundisha wale watatu kwa sauti ileile ya kufundisha kumi na mmoja. Mkuu wa shule ya jirani, aliyekuwa amemwahidi nafasi muhula ujao, akatuma ujumbe kwamba asubiri kwanza maneno yatulie. Na kupitia ukutani nilimsikia mwanangu akimwambia, "Si ungemwambia tu mzee kwamba hujui?" Akajibu, "Nilichofundisha nakijua." Mwanangu akasema, "Kwa hiyo baba yangu ni mwongo?" Mshauri, nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiomba aseme ndiyo, na hakusema.

Sasa sikia hili, ndilo linaloninyima raha kabisa. Mke wangu alipokuwa anafuta meza ya sebuleni alinipa daftari langu la masomo, nikalifungua, nikakuta swali karibu sawa na lile la thelathini na moja, "Kept in the fridge, the cook served the milk," yaani mpishi ndiye kawekwa kwenye friji badala ya maziwa, na chini yake mwandiko wangu mwenyewe nimelisahihisha, "The cook served the milk kept in the fridge," na kalamu nyekundu imeandika, "Safi sana, baba!" Nikalibeba lile daftari kazini nikalificha stoo, nyuma ya maboksi ya glavu. Mimi, ambaye naweza kumfukuzisha mtu kazi kwa kuficha boksi moja.

Nimemweleza mke wangu ukweli wote. Akasema, "Funga mdomo wako. Ukilisema hili utatuvua nguo mbele ya wakwe zetu. Yeye bado kijana, atasahau." Na juzi mkamwana mwenyewe kaja, kasimama mlangoni, kaniambia, "Baba, mtihani wa marudio ni wiki tatu zijazo. Ukitaka tuendelee, mimi nipo." Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Nifanyeje? Nimefikiria nimnunulie ubao mpya wa kufundishia, mkubwa, wa kusimama na miguu, bila kusema lolote, au nisubiri nifaulu kwanza ndipo nimsifie mbele ya watu, mambo yajifute yenyewe. Au mke wangu ana haki?

Ni mimi,
Mzee wa Stoo

*

Mzee wa Stoo,

Umesema usihurumiwe haraka. Sawa, tutaanza na mengine.

Umemsingizia mtu anayekula meza moja na wewe, ambaye kwa heshima yako hawezi kukujibu. Ndiyo maana ulimchagua yeye. Hukumsingizia aliyetunga mtihani, wala macho yako, wala joto la chumba. Ulimchagua mtu ambaye ulijua atanyamaza. Lisome hilo mara mbili, kisha endelea.

Sasa huruma, kidogo. Kukaa mbele ya mkamwana na daftari katika umri wako kunahitaji moyo, na wengi wangekataa. Kuchekwa kwa kazi ya maisha yako kunauma. Najua, wasomaji wamenicheka mimi pia kwenye ukurasa huuhuu. Binti angeweza kujizuia? Pengine. Lakini tazama: aliomba radhi palepale kwa kicheko kilichomponyoka, halafu akaomba radhi tena mezani kwa kosa lako. Ameomba mara mbili. Wewe hata mara moja.

Ubao wa nini, mzee wangu? Umemfukuzia wanafunzi nane, sasa unataka kumpa kitu cha kuwaandikia hao ambao hawapo. Zawadi isiyo na maneno ni hongo. Ataipokea, atakuambia asante, na nyote wawili mtajua inanunua nini.

Na hilo la kusubiri ufaulu kwanza, likatae leo. Ukishafaulu utajiona msafi, utasema yamepita, kwa nini nifukue. Tena watu watasema, "Unaona? Alipoachana na yule mwalimu ndipo akafaulu." Utakuwa umempiga mara mbili kwa fimbo moja.

Mkeo anakupenda na anaogopa aibu, simlaumu. Lakini anaposema binti ni kijana atasahau, muulize kwa upole: mama mkwe wake yeye alimwambia neno gani mwaka wa kwanza wa ndoa? Utashangaa atakavyokutajia na siku yenyewe. Wake za wana wetu hawasahau. Wanavumilia tu, na wanaovumilia siku moja huhama, wakahama na mwana wako.

Kwa hiyo fanya hivi. Daftari litoke stoo leo hii, kabla hujavua koti la kazi. Uongo uliusema mezani, wote wakiwepo. Ukweli nao useme mezani, wote wakiwepo, sahani zikiwa zimeshagawiwa ili asiwe na pa kujishughulisha. Usimwite pembeni. Uongo wa hadharani hauombewi radhi chumbani. Lifungue daftari kwenye ule ukurasa, useme: "Alinifundisha sawa. Nilijua jibu. Nilichagua jingine kwa kiburi, kisha nikamsingizia." Basi. Usiseme "kama nimekukosea", maana hakuna kama. Usilete habari ya kile kicheko. Hiyo ni kesi nyingine na umeshaipoteza.

Mwanao atakasirika. Mwache akasirike. Yeye naye ana lake la kumwambia mkewe, usimsaidie kulisema.

Kesho yake nenda dirisha la mapokezi, ukiwa umesimama, umwambie yule mama yaleyale, kwa sauti ileile uliyotumia kwa mzaha. Kisha chukua daftari uende kwa mkuu wa shule. Hutakiwi kumwombea binti kazi. Unatakiwa kumwonyesha mkuu mwandiko wako na kalamu nyekundu, na kumwambia wewe ndiye chanzo cha maneno. Ni mtu wa elimu, ataelewa anachokiona.

Usimwombe akufundishe tena. Amekuja mlangoni mwenyewe ukamwambia kichwa kinauma. Nafasi hiyo umeitumia. Akikaa kimya, heshimu kimya chake. Akikuchukia mwezi mzima, ni haki yake. Soma peke yako. Alichokufundisha kinatosha: ukivuka koma, uliza aliyesimama pale ndiye aliyefanya? Kama siye, tafuta jibu ambalo wamekaa jirani. Na usichague jibu kwa urefu. Hilo "duly" lako lipumzishe, limefanya kazi ya kutosha.

Unaogopa watakuvua nguo. Mzee, kuna watu wawili katika nyumba hiyo wanaojua ukweli, na kila siku mnapokaa kula wanakutazama. Nguo gani unayodhani umebaki nayo?

Funga gazeti sasa. Ufunguo wa stoo unao wewe.

Mshauri wako

*

Wiki tano baadaye mwandishi wa barua ile alituletea karatasi nyingine. Tunaichapa kwa ruhusa yake, na ya mkamwana wake pia.

Mshauri, nilifanya, japo si siku ileile, nilichelewa siku mbili, nikaligusa daftari pale stoo nikaliacha, siku ya tatu ndipo nikalitia kwapani. Mezani nilisema yale maneno na sauti ikanikatika katikati ikabidi niyaanze upya. Mwanangu aliinuka akatoka nje bila kula, akakaa barazani kwenye ile benchi tupu. Mke wangu alitazama ukuta. Mkamwana alilivuta daftari, akautazama ule ukurasa kama anasahihisha, akasema, "Asante, baba. Na mama wa mapokezi utamwambia lini?" Nilikuwa nangoja aseme haidhuru, yamekwisha. Hakusema.

Nilimwambia mama wa mapokezi kesho yake. Alinijibu, "Haya, mzee, nimesikia," akaendelea kuandika, na tangu siku hiyo salamu yake imekuwa fupi. Mkuu wa shule alisoma daftari lote tangu mwanzo mimi nikiwa nimesimama, akasema atamwita binti mwenyewe, na kweli amemwita, ataanza muhula ujao. Watoto wamerudi sita. Wawili wa yule mama bado. Mwanangu aliongea na mkewe mlango ukiwa umefungwa, na safari hii nilitoka nikaenda kutembea nisisikie.

Jina la Mzee wa Stoo bado wananiita, ila wapo wanaotabasamu wakiliita, nami nimeacha kuuliza wanatabasamu nini.

Kwa wiki mbili na zaidi nilisoma peke yangu pale sebuleni. Mkamwana alikuwa akipita, anasalimu, anaingia jikoni. Sikumwita. Nikaenda kufanya mtihani wa marudio, nikapata ishirini na tisa, na katika yale kumi ya kusahihisha sentensi nikapata saba. Nilifika nyumbani nikamkuta anafuta meza. Nikamwambia, "Mwalimu, nimepita. Saba kwa kumi kwenye somo lako."

Hakunipongeza. Aliendelea kufuta mpaka akafika pembe ya mwisho, akakamua kitambaa, akakianika dirishani. Kisha akachukua kalamu nyekundu juu ya kabati, akakaa upande wake wa meza, akaniuliza, "Hizo tatu ulizokosa ni zipi, baba?"

Nikavuta kiti.